Kuazimu Kabla ya Siku: Mwongozo kwa Mkristo wa Mombasa Anayeshinikizwa na Jamii

Mwongozo huu ni kwa ajili ya Mkristo anayeishi Mombasa, awe Kisauni au Likoni, Changamwe au Bamburi, ambaye anasukumwa kutenda asilolikubali na watu anaowapenda na kuwahitaji: mjomba anayesimamia kikao cha ukoo, wenzake wa maskani, bosi wake kazini, mashemeji wanaopanga harusi, na pengine hata kiongozi wa kanisa lake mwenyewe. Mara nyingi watu hao hawana nia mbaya. Ndiyo sababu ni vigumu kuwakatalia, na ndiyo sababu ushauri wa jumla wa kwamba "simama imara" haumfai mtu ambaye tayari amezungukwa.

Kitabu cha Danieli kinaonyesha kwamba jambo hili huamuliwa mapema. Sura ya kwanza, mstari wa 8, inasema: "Lakini Danieli aliazimu moyoni mwake ya kuwa hatajitia unajisi kwa chakula cha mfalme." Aliazimu kwanza, ndipo akaenda kuzungumza na mkuu wa matowashi. Anayengoja mpaka sahani iwekwe mbele yake ndipo aanze kufikiri, huyo atakula. Kwa hiyo hatua nyingi zilizoelezwa hapa ni za kufanywa nyumbani, kwa utulivu, wiki au miezi kabla ya siku yenyewe. Maneno ya Biblia yaliyonukuliwa ni ya tafsiri ya Union Version. Mwenye tafsiri nyingine atayakuta katika sura na mistari ileile.

Hatua ya kwanza: Andika shinikizo lenyewe

Chukua daftari na uandike jambo moja tu. Usiandike "ulimwengu" wala "vijana wa siku hizi," kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kushindana na ulimwengu mzima kwa siku moja. Andika ni nani anayekusukuma, anataka ufanye nini, lini, na wewe utapoteza nini ukikataa. Kwa mfano: "Baba mdogo anataka nitoe pesa ya ramli baada ya mazishi, kikao ni Jumamosi, nikikataa wataniita msaliti wa ukoo." Au: "Rafiki zangu wa maskani wanataka nitafune muguka (majani ya kuchangamsha kama miraa) nao kila jioni, nikikataa sitakuwa na mahali pa kukaa."

Swali la mwisho, lile la utakachopoteza, ndilo linalofichua hofu iliyo chini, na bila kuijua hofu hiyo hutaweza kuipeleka kwa Mungu. Maandiko hayaoni haya kuwataja watu wakubwa walioangushwa na hofu ya namna hii. Mfalme Sauli alimwambia Samweli waziwazi, "kwa sababu naliwaogopa wale watu, nikatii sauti yao" (1 Samweli 15:24). Pilato alimfungua Baraba akitaka kuwaridhisha makutano (Marko 15:15). Wakuu wengi wa Wayahudi walimwamini Yesu lakini hawakumkiri, wasije wakatengwa na sinagogi, "kwa maana walipenda utukufu wa wanadamu kuliko utukufu wa Mungu" (Yohana 12:43). Mmoja aliwaogopa watu aliowaongoza, mwingine aliogopa ghasia, na wale wa mwisho waliogopa kutengwa. Jiulize unafanana na yupi, kisha andika chini ya jibu lako Mithali 29:25: "Kuwaogopa wanadamu huleta mtego; Bali amtumainiye BWANA atakuwa salama."

Hatua ya pili: Lipime kabla ya kulikataa

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo Wakristo wengi wenye bidii wanapokosea na kuwaumiza watu bure. Si kila jambo ambalo jamii inakudai ni baya, na si kila "hapana" inatoka kwa Roho Mtakatifu. Paulo anaagiza, "jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema" (1 Wathesalonike 5:21). Maana yake ni kwamba lililo jema linaweza kukujia kwa sauti ya mjomba asiyesali kamwe.

Yapo madai ya jamii ambayo Mungu mwenyewe ameyaamuru. Mama yako anapotaka umsaidie kulipa dawa za presha, au ukoo unapotaka mchango wa karo ya mtoto yatima, hapo hakuna la kupinga. Yesu aliwakemea Mafarisayo kwa kosa hili hasa: mtu alitangaza mali yake kuwa korbani, yaani wakfu kwa Mungu, ili asiwasaidie baba yake na mama yake (Marko 7:9-13). Ukikataa kumtunza mzazi kwa kisingizio cha sadaka au cha kukesha kanisani, umeingia katika kosa hilohilo, na 1 Timotheo 5:8 inasema kwamba asiyewatunza walio wake ameikana imani. Naomba msomaji asiipite aya hii kwa haraka.

Yapo pia mambo ambayo Mungu ameyaachia dhamiri. Sura ya 14 ya Warumi inazungumzia vyakula na siku, na inamtaka kila mtu athibitike katika akili zake mwenyewe. Mombasa sisi huishi ukuta kwa ukuta na majirani Waislamu. Jirani akikualika futari, nenda ule na ushukuru. Paulo anawaruhusu Wakorintho kula wanapoalikwa na asiyeamini, bila kuulizauliza (1 Wakorintho 10:27). Kujizuia kula hadharani mchana wa Ramadhani ni heshima kwa jirani, na heshima hiyo haipunguzi imani ya mtu. Wala tusidhani kwamba shinikizo letu linatoka kwao. Mzazi Mwislamu anayelia juu ya kijana wake aliyezama katika mihadarati, na karani Mwislamu anayekataa hongo, wanapigana vita tunavyopigana sisi.

Kisha yapo yale ambayo Mungu ameyakataza wazi: uongo, rushwa, uzinzi, uaguzi, kumshuhudia mtu uongo, ulevi. Kwa hayo neno ni fupi: "Mwanangu, wenye dhambi wakikushawishi, Wewe usikubali" (Mithali 1:10). Mwongozo huu unahusu hasa fungu hili la tatu. Ikiwa jambo uliloandika katika daftari liko katika mafungu mawili ya kwanza, lifanye au lipatanishe kwa upole, usilitafutie aya ya kulipinga.

Shinikizo linalotoka madhabahuni nalo lipimwe kwa mizani hiyohiyo. Mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, kaunti jirani ya Kilifi, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, ya watu walioelezwa kuwa walifunga hadi kufa ili wakutane na Kristo. Watu hao walikuwa wamejitenga na jamii; walichokuwa hawana ni nafasi ya kumpima aliyewafundisha. Watu wa Beroya wanasifiwa katika Matendo 17:11 kwa sababu walimsikiliza hata mtume Paulo, kisha "wakayachunguza maandiko kila siku, waone kwamba mambo hayo ndivyo yalivyo." Mhubiri yeyote anayekukataza kuchunguza, anayekutaka uache dawa ulizoandikiwa na daktari, umtoe mtoto shuleni, ukatae ndugu zako wote, au ukope ili "upande mbegu," yaani utoe sadaka ukitarajia baraka, anakushinikiza kama mtu mwingine yeyote, hata akiwa ameshika Biblia. Hatua zote zinazofuata zinamhusu yeye pia.

Hatua ya tatu: Tafuta Neno, na ulisome lote

Yesu alipojaribiwa nyikani alijibu mara tatu kwa maneno "imeandikwa," na mara zote tatu alinukuu kutoka Kumbukumbu la Torati, sura ya 8 na ya 6. Tusisahau kwamba Ibilisi naye alinukuu; alichukua Zaburi 91 na kuikata ili imfae (Mathayo 4:6). Kwa hiyo kuwa na mstari mkononi hakutoshi. Soma sura nzima ambamo mstari huo umo, jiulize ni nani anayesema na anamwambia nani, kisha unakili mstari kwa mkono wako katika ukurasa ule ulioandika shinikizo lako. Uweke moyoni hadi uweze kuusema gizani. "Moyoni mwangu nimeliweka neno lako, Nisije nikakutenda dhambi" (Zaburi 119:11).

Kwa anayefanya kazi bandarini, forodhani, katika polisi au katika ofisi yoyote ya umma, napendekeza Luka 3:10-14 kuliko aya nyingine zote. Watoza ushuru na askari walimwendea Yohana Mbatizaji wakiuliza wafanye nini. Hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia watoza ushuru, "Msitoze kitu zaidi kuliko mlivyoamriwa," na askari aliwaambia, "Msidhulumu mtu, wala msishitaki kwa uongo, tena mtoshewe na mshahara wenu." Ni maneno yaliyosemwa kwa watu wa kazi hizohizo, nayo yanaonyesha kwamba mtu anaweza kubaki mezani pake na kuwa safi.

Anayeshinikizwa kwenda kwa mganga asome Kumbukumbu la Torati 18:9-15 na Isaya 8:19. Kijana anayecheka na wenzake ili asionekane mshamba asome 1 Petro 4:3-4, ambapo mtume anasema wazi kwamba wataona ajabu na watatukana. Anayesukumwa kukopa ili harusi yake iwe kubwa kama ya jirani, kwa magari ya kukodi na ukumbi wa Nyali ambao mshahara wake hauufikii, asome Luka 14:28 juu ya mtu anayehesabu gharama kabla ya kujenga mnara, pamoja na Warumi 13:8: "Msiwiwe na mtu cho chote, isipokuwa kupendana." Binti anayeambiwa kwamba kila mwenzake ana mtu wa kumlipia kodi asome Mwanzo 39 yote, si ule mstari wa kukimbia peke yake, aone kwamba Yusufu alisemeshwa siku baada ya siku, na kwamba sababu aliyoitoa ilihusu uaminifu kwa bwana wake na dhambi mbele za Mungu.

Hatua ya nne: Tunga sentensi yako na uitamke kwa sauti

Wengi huanguka kwa kukosa maneno. Wanajua kwamba jambo si sawa, lakini wakiulizwa mbele ya watu hugugumia, na kugugumia kunahesabiwa kuwa ni kukubali. Yesu alisema, "maneno yenu yawe Ndiyo, ndiyo, Siyo, siyo" (Mathayo 5:37). Tunga sentensi yenye mambo matatu: heshima kwa anayekusukuma, kukataa kusiko na mlango wazi, na kile ambacho uko tayari kukifanya badala yake. Hilo la tatu limetoka kwa Danieli, ambaye hakugoma tu. Aliomba ruhusa, akapendekeza wajaribiwe siku kumi kwa mtama na maji. Alimpa yule msimamizi njia ya kutoka bila kuhatarisha kichwa chake.

Chukua mfano wa matanga, kwa kuwa ndipo Mkristo wa Pwani anapobanwa zaidi. Mazishi yamekwisha, wazee wamekaa kikao, na mmoja anasema kifo hiki si cha kawaida, kwa hiyo kila mtoto wa marehemu atoe kiasi fulani wakapige ramli ijulikane nani aliyehusika. Jambo hili ni zito kuliko pesa zinazodaiwa. Katika kaunti za Kilifi na Kwale wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna ugomvi wa shamba. Mchango wako mdogo unaweza kuwa mwanzo wa safari inayoishia kwa bibi kizee asiye na wa kumtetea. Ndiyo maana hapa naweka Kutoka 23:1-2 mbele ya aya zote: usivumishe habari za uongo, na "usiandamane na mkutano kutenda uovu."

Ukifika kikaoni na sentensi uliyoitunga, utasema hivi: "Wazee wangu, nawaheshimu, na marehemu ni baba yangu. Pesa ya ramli sitatoa, leo wala kesho, kwa sababu namwamini Kristo na sitaki mtu asingiziwe damu. Deni la hospitali lililobaki nitalibeba, na chakula cha wageni nitakigharimia." Baada ya hapo nyamaza. Kosa kubwa ni kuendelea kueleza. Kila neno la ziada linampa mwenzako mahali pa kushika.

Jitayarishe kurushiwa methali. Utaambiwa "Mwacha mila ni mtumwa," utaambiwa "Wengi wape," na vijana wenzako watakukumbusha kwamba ukienda kwa wenye chongo nawe vunja lako jicho. Usishindane kwa methali, kwa maana ukishinda utakuwa umemwaibisha mzee mbele ya watoto wake, na ukishindwa utaonekana huna hoja. Sema, "Ni kweli, mzee, na mila ya kuzikana na kulishana naishika. Hili ndilo nisiloliweza." Kisha ubaki hapo hapo kikaoni. Usiondoke kwa hasira, usisusie chakula, na kesho yake uonekane ukichota maji na kupanga viti. Petro anataka jibu letu liwe "kwa upole na kwa hofu" (1 Petro 3:15), na upole hauonekani kwa maneno peke yake. Jamaa wanaweza kusamehe kukataliwa kwa jambo. Kudharauliwa hawasamehi upesi.

Kazini sentensi huwa fupi zaidi. Karani wa wakala wa kupitisha mizigo anayetakiwa aandike thamani ya chini kwenye hati za forodha anaweza kusema: "Bosi, kazi hii nitaimaliza hata nikikesha, lakini thamani nitaandika ile iliyo kwenye ankara." Asihubiri. Anaweza kuongeza jambo moja la kweli, kwamba kuandika thamani ya uongo kwenye hati za forodha ni kosa kisheria, na kwamba jina litakalokuwa chini ya hati ni lake.

Maskani ina shida yake, kwa kuwa hapo hakuna swali linaloulizwa rasmi. Mkono unanyooshwa tu wenye majani. Mwezi wa Mei 2024 gavana wa Mombasa alipiga marufuku uingizaji na uuzaji wa muguka katika kaunti, na punde mahakama ikalisimamisha agizo hilo. Kijana asingoje amri ya serikali imwamulie. Aseme, "Nimeacha, ndugu zangu, tuzungumze tu," na ikiwa mkono utanyooshwa kila jioni, abadili jioni zake. "Mazungumzo mabaya huharibu tabia njema" (1 Wakorintho 15:33). Aliyekwisha kuzoea kiasi cha kushindwa kuacha anahitaji tiba pamoja na maombi. Namba 1192 ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na mihadarati, hupigwa bila malipo, na kuipiga hakupunguzi imani.

Itamke sentensi yako kwa sauti, chumbani, mara nyingi, mpaka isitetemeke.

Hatua ya tano: Usiende peke yako

Danieli alikuwa na Hanania, Mishaeli na Azaria. Mhubiri anasema kamba ya nyuzi tatu haikatiki upesi (Mhubiri 4:12). Tafuta mtu mmoja au wawili wa jinsia yako, waliokomaa kuliko wewe, ambao si wepesi wa kupeleka maneno, na uwaonyeshe ule ukurasa wa daftari. Wape tarehe na saa ya kikao. Waombe wawe wanaomba saa hiyo, na wakupigie simu jioni kukuuliza ilikuwaje. Kujua kwamba utaulizwa kunasaidia kuliko mtu anavyodhani.

Historia ya Ukristo katika eneo letu inalithibitisha hili. Mmisionari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka 1846 yeye na mwenzake Rebmann wakaanzisha kituo cha misheni Rabai, ambako kwa miaka mingi waumini walikuwa wachache mno. Imani ilianza kushika mizizi pale watu walipoishi pamoja: watoro waliokimbia utumwa wakakimbilia Rabai, na kuanzia 1875 waliokombolewa wakakaa Frere Town, pale ambapo kengele iliyolipa eneo la Kengeleni jina lake ingali imesimama. Kufikia 1888 watoro waliokutwa katika vituo vya misheni walikuwa zaidi ya 1,000. Hawa walikuwa wameng'olewa katika ukoo na kabila. Hawakuwa na mjomba wa kuwasimamia wala shamba la baba. Kanisa likawa ukoo wao. Ikiwa leo tunamwambia kijana akatae shinikizo la jamaa zake, basi ni wajibu wetu kuwa jamaa kwake: kumpa chakula Jumapili, kumtafutia kazi akifukuzwa, kuwa washenga wake akioa. Kanisa linalohubiri ujasiri bila kumpokea aliyekuwa jasiri linamwacha barabarani, nami nalisema hili nikiwa na uchungu, kwa kuwa nimeliona likitendeka.

Hatua ya sita: Hesabu gharama, na ujue wakati wa kuita msaada

Wale vijana watatu walimwambia Nebukadreza kwamba Mungu aweza kuwaokoa, kisha wakaongeza, "Bali kama si hivyo, ujue, ee mfalme, ya kuwa sisi hatukubali kuitumikia miungu yako" (Danieli 3:18). Wewe nawe andika "kama si hivyo" yako. Nikifukuzwa kazi, nitaishi kwa nini miezi mitatu? Basi anza kuweka akiba sasa, hata kidogo. Mchumba akiniacha, nitazungumza na nani? Yusufu alikataa vizuri na bado akafungwa gerezani. Asikudanganye mtu kwamba utii huleta kibali papo hapo.

Mji huu uliwahi kuona gharama kubwa kuliko zetu. Mwaka 1631 Wakristo wa Mombasa, Wareno na Waafrika, waliuawa kwa kukataa kuikana imani. Aliyewaua, Yusuf bin Hasan, sultani wa Mombasa, alikuwa amepelekwa Goa tangu utotoni na Wareno, akabatizwa kwa jina la Jerónimo na kulelewa nao. Kwangu mimi habari hii ina mafundisho mawili: kwamba wako waliosimama hapahapa tunapoishi, na kwamba imani iliyopandikizwa kwa nguvu ya wakubwa haidumu. Tusimshinikize mtu kwa jina la Kristo.

Kuna shinikizo ambalo si la kuvumiliwa kwa aya. Mkubwa wa kazi anayedai mwili wa binti ili ampe ajira anatenda kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006. Kumwoza msichana aliye chini ya miaka 18 kumekatazwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014. Mtoto au anayemjua mtoto aliye hatarini apige 116, na anayepigwa au kudhulumiwa kingono apige 1195. Simu zote mbili ni za bure. Kifungu cha 32 cha Katiba kinasema kwamba mtu hatalazimishwa kutenda lililo kinyume cha imani yake. Paulo mwenyewe alidai haki zake kama raia wa Rumi walipotaka kumpiga mijeledi (Matendo 22:25), kwa hiyo mwenye kwenda polisi au mahakamani hajamkosea Mungu.

Hatua ya saba: Ukiwa umekwisha kuanguka

Wako watakaosoma haya wakiwa tayari wametoa ile pesa, wametia sahihi ile hati, au wamekwenda kule walikokuwa wameapa hawataenda. Wamsome Petro. Alimkana Bwana mbele ya kijakazi, akalia, akarejeshwa kando ya ziwa (Yohana 21:15-19). Miaka kadhaa baadaye, akiwa tayari mtume mwenye sifa, alijitenga na Mataifa, yaani waumini wasio Wayahudi, mezani kule Antiokia kwa kuwaogopa waliotahiriwa, hata Paulo akampinga uso kwa uso (Wagalatia 2:11-14). Hofu ileile ilimrudia, na bado Mungu hakumtupa.

Fanya mambo haya kwa mpangilio wake. Ungama mbele za Mungu bila kuwataja waliokusukuma. Haruni alipoulizwa habari za ndama wa dhahabu aliwalaumu watu, na hilo halikumwondolea kosa. Mweleze yule uliyemwonyesha daftari, siku hiyohiyo, kabla aibu haijakufundisha kujificha. Rudisha kinachoweza kurudishwa, kama Zakayo (Luka 19:8). Hongo uliyopokea irejeshwe, na uongo ulioandikwa urekebishwe ukiwa bado unaweza kurekebishwa. Kisha mrudie yule aliyekushinikiza, ukiwa mtulivu, umwambie: "Mjomba, juzi nilitoa pesa ya ramli kwa sababu niliogopa. Nilikosa, na mwakani mkikutana tena sitatoa." Ni vigumu kuliko kukataa mara ya kwanza, kwa hiyo mwombe mwenzako akusindikize hadi mlangoni. Mwisho, fungua ukurasa mpya wa daftari, andika tarehe ya kikao kijacho, na uitunge sentensi yako upya ukijua sasa ni neno gani lililokushinda.